Kete ya sitini na nne

Kijana wa Kijerumani ndiye aliyerudi wa kwanza. Dakika 42 tu tangu niwaache pale Mkunazini, naye huyo, fulana imemganda mgongoni kwa jasho, kete ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota lulu. Wenzake wanne walikuwa bado wanazunguka Darajani. Nilimpa mkono, nikamkalisha barazani, nikamwuliza kwa Kiswahili cha polepole: "Ehe, yule mama wa tungule kakwambia nini?" Akanitazama. Akatoa simu mfukoni, akanionyesha kioo. Mazungumzo yote yalikuwamo humo. Kila alipofika kwa mtu alimnyooshea simu. Simu ikauliza, simu ikasikiliza jibu, simu ikamfasiria. Alipita vituo sita vya Mji Mkongwe bila ya kutamka neno la Kiswahili hata moja, salamu zikiwemo.

Mchezo ule niliutunga mimi. Ulinichukua miezi minne, na kusudi lake lilikuwa moja: kumfanya mgeni afungue mdomo.

Sikumlaumu. Niliwaambia atakayetangulia kurudi na kete ndiye mshindi, naye alifuata nilichosema. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa mpaka adhana ya alfajiri, na mengi ninayoyaandika hapa nilianza kuyafikiri saa zile.

Nasomesha Kiswahili kwa wageni hapa Unguja, huu mwaka wa 14. Wanaonijia si watalii wa siku tatu. Hao wanatosheka na "jambo" na "hakuna matata", maneno ambayo sisi kwa sisi hatuamkiani nayo. Kwangu huja mkunga atakayefanya kazi miezi sita kwenye kituo cha afya cha kijijini, mtafiti wa mwani anayeelekea Paje, mke aliyeolewa na mtu wa Makunduchi ambaye anataka kuelewana na mama mkwe wake. Ni watu wenye haja. Nilianza kazi hii kwa ubao na chaki, wakati mgeni akija na daftari la karatasi na kamusi nene. Daftari likageuka kompyuta, kamusi ikageuka simu, na siku hizi anakuja na msaidizi mzima wa akili mnemba mfukoni. Mimi si miongoni mwa walimu wanaokusanya simu kwenye kikapu mlangoni. Naipenda teknolojia, nimetumia fedha zangu kuijaribu, na nitaendelea kuijaribu. Kwa hiyo nianze pale inapofaa, kwa sababu inafaa sana.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, orodha baada ya orodha, halafu akapima kiasi gani kimempotea baada ya dakika kadhaa, baada ya saa, baada ya siku. Aliona kwamba kusahau kunakwenda mbio mwanzoni kisha kunapunguza mwendo, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku nyingi kunashika kuliko kurudia sana kwa kikao kimoja. Walimu wetu wa chuo cha Kurani walikuwa wakilifanya jambo hilo bila ya kuliandikia kitabu: huongezwi aya mpya mpaka ya jana uidurusu, na sura uliyokwisha kuimaliza bado utarejeshwa kwake tena na tena. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza njia ya visanduku. Neno ulilolijua, kadi yake inahamia kisanduku cha mbele, kinachofunguliwa kwa nadra. Ulilolikosa, kadi inarudi kisanduku cha kwanza, cha kila siku. Programu nyingi za kujifunzia lugha kwenye simu ndani yake mna visanduku hivyo, vimetiwa rangi na milio.

Kwa Kiswahili visanduku hivyo ni neema. Kinachowatesa wageni ni upatanisho. Kitabu changu kikubwa kimepotea, vitabu vyangu vikubwa vimepotea, gari langu kubwa limepotea, nyumba yangu kubwa... Mtoto wa hapa hata hajui kwamba anafanya kazi yoyote. Mtu mzima wa miaka 40 anahitaji kulisikia jambo lile mara mia ndipo ulimi ukubali, na sijamwona mwalimu mwenye subira ya kurudia mara mia kwa kila mwanafunzi, kila siku, hata saa tano za usiku. Simu inayo subira hiyo. Au chukua saa. Mgeni anaona 8:00 mkononi mwake na inambidi aseme saa mbili. Zamani nilikuwa nakwenda nao hivyo nusu ya muhula, wanahesabu vidole chini ya meza. Sasa nawatengenezea kadi zenye picha ya saa tu, bila ya neno la lugha yao, dakika 5 kila asubuhi. Baada ya wiki mbili hawahesabu tena.

Michezo ya simu nayo imeleta hamu. Wengi wa wanafunzi wangu wanashuka botini wakiwa na maneno mia kadhaa tayari, kwa sababu ya mafunzo ya Kiswahili yaliyowekwa kwenye programu ya Duolingo mwaka 2017. Naiona faida hiyo siku ya kwanza darasani: masikio yao yamekwisha kulizoea umbo la lugha, hawashtuki neno likianza na mb au ng. Mkunga mmoja wa Kiholanzi alikuja na mfululizo wa siku 211 bila ya kukosa hata moja. Alipopata homa wiki ya pili hapa, alifanya somo lake kitandani. Bidii kama hiyo mwalimu anaitamani, na mimi siwezi kusema kwamba niliijenga mimi.

Mkunga huyu nitarudi kwake, lakini kwanza nisimulie kisa cha bundi. Alama ya programu ile ni bundi wa kijani, na jioni akichelewa somo lake simu humkumbusha kwa picha ya ndege yule. Alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja wa Kikwajuni. Jioni moja simu iko juu ya meza ya jikoni, ikawaka, bundi akatokea. Mama akauliza, "Huyu bundi anataka nini humu ndani?" Msomaji wa huku anajua kwa nini aliuliza. Bundi akilia juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa, watu hawacheki. Basi wakakaa jikoni saa nzima, nazi haijakunwa, wakielezana: kwa nini hapa bundi ni mkosi, kwa nini kwao ni alama ya hekima, bibi yake mama alimfukuza vipi kwa kijinga cha moto. Mkunga alijifunza mkosi, paa, kufukuza, kijinga, dua. Maneno matano, siku moja, na hakuyawekea kadi yoyote. Aliponiaga miezi saba baadaye alikuwa nayo yote.

Kisa hicho ndicho kilichonikalia kichwani usiku ule wa Mjerumani. Maneno yale yaliganda kwa sababu mama alitaka kujua na mkunga alitaka kueleza. Ndani ya simu hakuna anayetaka kujua kitu kutoka kwako.

Sokoni ndiko unakoiona tofauti. Programu moja ilikuwa imewafundisha wanafunzi wangu wote watano kusema "Ninataka kilo moja ya nyanya." Sentensi safi, mtihani ungeipitisha. Wakafika Darajani: hakuna kilo, kuna mafungu, hakuna bei iliyoandikwa, kuna bei inayotoka mdomoni baada ya kutazamwa uso, na hakuna nyanya. "Nyanya, mwanangu? Hizi tungule." Viazi vimekuwa mbatata. Mmoja wao aliniambia alijiona amesoma lugha ya nchi nyingine. Nilimweleza kwamba amesoma lugha hii hii, ila amesoma ile ya kitabu, na kitabu ni mlango mzuri. Lakini kupatana bei hakumo kitabuni. "Nipunguzie" ni neno. Namna ya kulivuta hilo neno, nipunguziee, na uso uuweke vipi, na lini uache kwa sababu sasa unamdhulumu mwenzako, hayo yanataka mtu mbele yako mwenye tungule zake na watoto wake.

Hata hivyo nisikimbilie kusema mashine ibaki nyumbani. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Norwei, mwalimu mstaafu, mtu wa miaka 67. Maisha yake yote alikuwa yeye ndiye anayesahihisha. Kusahihishwa mbele za watu kulimfunga koo kabisa. Wiki tatu alinijibu kwa kutikisa kichwa. Nilijaribu kila ninachokijua: nyimbo, picha, kumweka peke yake, kumweka na mtoto mdogo. Mwisho nikamwekea programu ya akili mnemba kwenye kompyuta yake, nikaiagiza iwe mvuvi wa Malindi anayeuza vibua na changu, isiandike, iseme, na isichoke. Akajifungia nayo chumbani. Kesho yake macho mekundu, sauti imekauka. Alizungumza na mvuvi yule mpaka saa nane za usiku. Baada ya siku tisa akanijia na sentensi nzima. Hakuna aliyemwona akianguka, ndiyo maana alithubutu kuinuka. Mwalimu anayeidharau faida hiyo hajakaa na mtu mzima anayeona haya.

Lakini mvuvi yule wa kompyuta alikuwa akimkubalia kila kitu. Mnorwei akimwambia "Mambo vipi", naye anajibu "Poa". Sasa tukaenda pamoja barazani kunywa kahawa, amekaa mzee wa miaka themanini na kitu, na mwanafunzi wangu akafungua mdomo kwa furaha yote aliyokuwa nayo: "Mambo vipi, mzee!" Mzee akamtazama. Akasema "Alhamdulillahi," akageukia kikombe chake. Hakukasirika, ila maneno yalikwisha pale. Mashine ukiiuliza itakueleza shikamoo vizuri kabisa, nani anampa nani na kwa nini. Lakini yenyewe haikuzaliwa kabla yako wala baada yako. Haina pa kuumia. Na sehemu kubwa ya Kiswahili, hasa huku pwani, ni kujua mwenzako anaumia wapi.

(Miwani ya uhalisia pepe niliazimwa siku mbili na mtafiti aliyekuwa akipita. Ilinisaidia jambo moja tu, nalo kubwa: mezani pana, mezani kuna, mezani mna. Mtu akiwa ndani ya chumba kile cha kubuni, akainamia mtoto wa meza akaona kilichomo, anaielewa "mna" kwa mwili wake. Bei ya miwani ile ni ya mbali sana na mfuko wangu, na soko langu liko mwendo wa dakika tano kwa miguu, kwa hiyo niliirudisha bila ya majonzi.)

Kilichonitia hamu ya kutunga mchezo wangu ni habari niliyoisoma ya watu wa Albuquerque, kule New Mexico, Marekani. Mwaka 2009 Chris Holden na Julie Sykes walitengeneza mchezo wa simu kwa ajili ya wanafunzi wa Kihispania wa chuo kikuu, wakauita Mentira, yaani uongo. Kuna mauaji ya kubuni, na mwanafunzi ni mpelelezi. Anaongea na wahusika ndani ya simu kwa Kihispania, na anavyowajibu ndivyo wanavyomfungukia au kumfungia. Kisha anatoka darasani, anakwenda kwa miguu katika mtaa wa Los Griegos, mtaa wa zamani ambao Kihispania kimo kwenye kuta zake, anatafuta dalili mahali penyewe. Nilipoisoma niliruka kitini. Hawa waliona jambo ambalo michezo mingi ya lugha imelikosa: lugha ina mahali, na mahali pana watu.

Nami nina mahali. Mji Mkongwe ni mchezo tayari. Mtu aliyezaliwa humu bado anaweza kupotea kwenye vichochoro vya Kiponda. Na kitu cha kutafutwa ninacho: kete. Bao letu lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mchezo unaanza kila mmoja ana kete 22 mkononi, na 10 zimo baoni, 6 kati ya hizo ndani ya nyumba. Ukipungukiwa na kete moja huwezi kuanza. Wazee watakaa, watangoja, watamtuma mtoto akaitafute. Basi hadithi yangu ikawa hiyo. Barazani kuna bao lenye kete 63. Ya 64 imechukuliwa, na watu sita mjini kila mmoja anajua kipande cha habari yake.

Mara ya kwanza nilibandika alama za kuskani ukutani karibu na kila kituo. Unaskani, unasikia fumbo, unatafuta mtu, unauliza. Niliweka ramani, niliweka alama za ushindi, niliweka muziki wa taarabu ukipatia. Mvua ya masika ikabandua alama mbili. Watoto wakabandua tatu. Jua la saa sita likawa linapiga kioo hata hakisomeki, na mwanafunzi mmoja nusura agongwe na vespa kwa kutembea ameinama. Hayo yalikuwa matatizo ya gundi na kivuli. Tatizo la kweli nililiona nilipotembea nyuma yao: macho yao hayakutoka kwenye simu. Walikuwa wakipita mbele ya watu wanaosema "Karibu" bila ya kuitika. Nilikuwa nimewapeleka mjini nikawanyima mji.

Kisha msichana mmoja alipotea dakika 20. Mama wa tungule alimwambia, "Nimempa mjukuu wangu, yeye anajua," na programu ya kufasiri ikaamua yenyewe kwamba mjukuu ni mwanamume. Kiswahili hakikusema hivyo. Kiswahili hakimtengi mwanamume na mwanamke katika "yeye". Akawa anatafuta mvulana soko zima, na mjukuu mwenyewe, binti wa miaka 12, ameketi ubavuni mwa bibi yake, anamenya vitunguu saumu na kumwangalia. Na baada ya hapo ndipo Mjerumani akarudi na kete yake.

Nikakumbuka vitendawili. Sijui kwa nini nilikwenda mpaka Albuquerque wakati mchezo wa kufundishia lugha nimelelewa nao. Mtu anasema "Kitendawili!", wewe unaitika "Tega!", na hapo tayari umo ndani, ukikaa kimya hakuna mchezo. Anatega. Ukishindwa unaambiwa "Nipe mji", na lazima utoe mji, na yeye lazima auchukue, asafiri nao kwa maneno, ale, anywe, ndipo akupe jibu. Hata kushindwa kunalipwa kwa maneno. Hakuna namna ya kushinda kitendawili bila ya kinywa cha mwenzako, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika jibu na yeye ndiye anayeamua kama umefika.

Basi nikaibadili kanuni hiyo moja, na mchezo wote ukageuka. Nikaziondoa alama ukutani. Nikamaliza mashindano ya saa. Nikawaambia watu wa vituo: nyinyi ndio waamuzi. Mkiridhika na mtu, mpeni kipande chake. Hamjaridhika, msimpe, hata akikaa mpaka magharibi. Mama wa tungule akaweka sharti lake mwenyewe: hasemi kitu mpaka umnunulie fungu na mpatane. Mshona kofia anataka umwulize kwanza hali ya macho yake, kwa sababu yanamsumbua na anapenda kuulizwa. Muuza kahawa anatega kitendawili. Sharti hizi sikuzitunga mimi, nami nisingeweza.

Na simu? Simu ilipata kazi mpya, nayo naiona ni kazi bora kuliko ya mwanzo. Inakaa mfukoni mpaka umalize kuamkiana. Halafu unaomba ruhusa, kwa Kiswahili, na ukipewa unarekodi sauti. Jioni darasani tunakaa na sauti zile. Tunazisikiliza polepole, tunazikatakata, tunazitia kwenye kadi za kurudia. Kwa hiyo mwanafunzi wangu leo akifungua kadi zake asubuhi, hasikii sauti ya studio iliyosafishwa. Anasikia, "Chukua mafungu mawili nikufanyie elfu tatu," kwa sauti ya mama anayemjua, gari la ng'ombe likipita nyuma, na lazima amjibu. Siku tatu baadaye kadi inarudi, na wiki ijayo inarudi tena, kama Leitner alivyotaka. Halafu Jumamosi anakwenda sokoni na mama mwenyewe yupo. Mmoja wa watu wa vituo alisema sauti yake isitunzwe baada ya muhula. Tunaifuta, na kumfutia mtu sauti yake pia ni somo.

Watu wa vituo nawalipa. Shilingi 10,000 kwa mchana mmoja kila mtu, na mwanafunzi ananunua tungule zake kwa fedha yake. Ninalisema hili kwa uzito. Nimewahi kuandika maombi ya msaada kwa ajili ya mchezo huu, na fungu la vifaa halikuulizwa hata swali moja: vishikwambi, vipaza sauti, bando, yote sawa. Fungu la watu sita wa mjini likarudishwa limepigiwa mstari, na maelezo kwamba hawana sifa za ualimu. Nilijibu kwa barua ndefu. Mama yule amenisomeshea wageni 38 mpaka sasa, na hakuna hata mmoja aliyerudi bila ya kujua kupatana. Kama fedha ni kidogo, nauza kishikwambi kimoja nabaki naye.

Kuna jambo jingine ninalolifanya usiku, la pembeni kidogo. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, unakusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi ili mashine zijifunze kusikia, na Kiswahili kimo. Nimesoma sentensi nyingi humo, na nawahimiza watu wangu, hasa wa Pemba na Makunduchi, wasome. Simu isiyowahi kumsikia Mmakunduchi haitamsikia, na mgeni atadhani Mmakunduchi ndiye asiyejua kusema.

Sasa mkunga. Zamu yake ilifika Januari, kaskazi inavuma, mji umejaa. Alitoka saa nane mchana. Kwa mshona kofia alikaa nusu saa. Macho yalikuwa mabaya siku hiyo na yeye ni mtu wa tiba. Kwa mama wa tungule alishindwa kupatana mara mbili, akanunua mara tatu. Alipofika kwa muuza kahawa alasiri imekwisha kuswaliwa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa baraza na kikombe changu, natazama bao lenye kete moja pungufu.

Akaanza na "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Habari za nyumbani, za kazi, za jua hili. Akapewa kahawa na kipande cha kashata. Hakuulizia kete. Nilimwona anajizuia, nikajua ameshaelewa.

"Kitendawili!" akasema mzee.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Akafikiri. "Gereza."

"Siyo."

"Kaburi?"

"Astaghfirullah. Siyo, mwanangu. Nipe mji."

Darasani nimewafundisha watoe Unguja, au Mombasa, au Lamu. Yeye akasema, "Chukua Utrecht."

Mzee akaweka birika chini. Akalijaribu jina lile mdomoni mara mbili, likamkataa. "Siwezi kuchukua mji nisioujua," akasema. "Nieleze kwanza una nini."

Akaanza kumweleza. Mji una maji katikati, si mto, yamechimbwa. Hakuwa na neno, akachora kwa kidole kwenye vumbi la baraza. "Mifereji," mzee akampa. Mifereji. Na baiskeli, nyingi kuliko gari. Na mama yake anakaa karibu na mnara mrefu sana, mnara uko peke yake, umetengana na kanisa.

"Mnara bila ya kanisa? Nani kautenga?"

Zamani vilishikana, akasema. Halafu ulikuja upepo. Upepo mkubwa, mkubwa sana, mwaka 1674, na katikati ya kanisa ikaanguka.

"Tufani."

"Tufani," akarudia. "Tufani ilikuja, katikati ikaanguka, mnara ukabaki."

Watu wawili waliokuwa wakicheza dhumna wakaacha, wakageuka. Simu yake ililia ndani ya mkoba na hakuna aliyeisikiliza. Mzee alikuwa amekwisha kumsogezea kikombe kingine.

"Haya," akasema. "Na hawakulijenga tena?"